Hukumu Juu ya Barafu

Watungaji wa hadithi za mauaji hupenda mahali palipofungwa. Huchagua kisiwa, au meli iliyo katikati ya bahari, au nyumba iliyozingirwa na theluji, kwa sababu mahali pa namna hiyo muuaji hana njia ya kutoroka wala mgeni hana njia ya kuingia. Agatha Christie wa Uingereza aliwaweka watu kumi katika kisiwa kimoja katika hadithi yake iliyotolewa mwaka 1939. Wasomaji wa Kiswahili nao walimpata Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichotolewa mwaka 1960, na tangu hapo wamezoea kumfuata mpelelezi hatua kwa hatua mpaka fundo la mwisho lifunguke. Katika hadithi hizo swali kuu ni moja: nani aliyeua? Likijibiwa, kitabu hufungwa, na msomaji hulala usingizi mwema.

Walakini maisha hayafungwi kama kitabu. Tarehe 16 Julai, 1970, mtu mmoja alipigwa risasi akafa katika kambi ya wachunguzi wa elimu ya bahari na hali ya hewa, juu ya barafu ya Aktiki, mamia ya maili tu kutoka Ncha ya Kaskazini. Hapakuwa na fumbo lo lote juu ya mkono ulioshika bunduki; wote waliokuwapo walimjua mwenye mkono ule. Hata hivyo mambo hayakwisha. Mahakimu wa nchi kubwa walikuwa bado wanaumiza vichwa vyao miaka miwili baadaye, maana swali lililowakabili halikuwa nani aliyeua. Lilikuwa swali zito zaidi: mahali pasipo serikali, kosa la mtu hupimwa kwa mizani gani, na mizani hiyo hushikwa na nani?

Mahali penyewe ni pa ajabu. Palikuwa kisiwa, lakini si kisiwa cha mchanga wala cha mawe. Kilikuwa pande la barafu lililomeguka kutoka pwani ya kaskazini ya nchi ya Ellesmere, katika Kanada, likawa likielea baharini na kuzunguka polepole kwa nguvu ya mikondo. Mwezi Machi 1952 afisa wa jeshi la anga la Marekani, Joseph Fletcher, alitua juu yake kwa eropleni, na kwa jina lake kikaitwa Kisiwa cha Barafu cha Fletcher. Jina lake jingine ni T-3. Wakati wa mkasa huu urefu wake ulikuwa kiasi cha maili 7, upana maili 4, na unene wake ulikaribia futi 100. Juu yake paliwekwa vibanda, vyombo vya kupimia na ghala, na watu wakakaa humo kwa zamu ili wapime kina cha bahari, mikondo na upepo.

Katika kiangazi cha mwaka 1970 walikuwapo watu 19. Jua la huko halizami mwezi Julai. Mchana hauna jioni. Uso wa barafu huyeyuka ukafanya madimbwi, na eropleni haziwezi kutua kama zitulavyo wakati wa baridi. Kwa hiyo aliyekuwa na rafiki alikaa naye, na aliyekuwa na adui alikaa naye pia. Mjini mtu akigombana na jirani yake huweza kuhama mtaa, au kwenda kwa mjumbe, au kwa polisi, au kwa mzee anayeheshimiwa na wote wawili. Juu ya barafu ile hapakuwa na mtaa wa pili, wala polisi, wala hakimu, wala tabibu. Hata milango ya vibanda haikuwa na makufuli.

Mkasa ulianza kwa jambo dogo, kama mikasa mingi ianzavyo. Mmoja wa wakazi wa kambi, mtu aliyekwisha kujulikana kwa kuwashambulia wenzake kwa kisu kikubwa cha kukatia nyama ili apate pombe, alichukua mvinyo wa zabibu kavu uliokuwa mali ya fundi mmoja. Fundi alipopata habari alikwenda kwenye ghala la wote akatwaa bunduki. Baadaye aliyekuja kibandani kwake hakuwa yule mchukuaji wa mvinyo, bali msimamizi wa kambi, naye alikuwa amelewa. Maneno yakazaliwa juu ya mvinyo ule: ni wa mtu mmoja au ni wa kila mwenye kiu? Fundi akamwamuru mwenzake atoke, huku akiitikisa bunduki. Bunduki ikalia. Msimamizi akajeruhiwa, na kwa jeraha lile akafa. Bunduki ile ilipochunguzwa ilionekana kuwa mbovu, yaani iliweza kulia hata bila ya kufyatuliwa.

Fundi alichukuliwa akapelekwa Marekani, akashitakiwa katika jimbo la Virginia. Hukumu ya kwanza ilisema kwamba ameua bila kukusudia, kwa uzembe mkubwa, akapewa kifungo cha miaka 3. Mwaka 1972 mahakama ya rufani iliitangua hukumu hiyo, ikaamuru kesi isikilizwe upya, na mara ya pili mshitakiwa aliachiwa huru.

Katika safari hiyo ndefu ya kesi yalizuka maswali mawili. La kwanza lilihusu mamlaka. Sheria ya Marekani ya wakati ule, iliyohusu makosa yaliyotendwa nje ya majimbo yake, ilitaja bahari kuu, ikataja meli, ikataja eropleni, ikataja hata visiwa vyenye mbolea ya kinyesi cha ndege. Kisiwa cha barafu haikukitaja. Basi barafu ni nini? Ni ardhi, kwa kuwa watu hujenga na kulala juu yake? Ni bahari, kwa kuwa si kitu ila maji yaliyoganda? Au ni chombo, kwa kuwa inaelea na kuchukua watu? Mahakimu wa rufani waligawanyika sawasawa juu ya jambo hili, nusu huku na nusu kule, na kwa sababu hiyo uamuzi wa mahakama ya chini, uliosema kwamba inayo mamlaka, ukabaki kama ulivyokuwa.

Kwa mwanasheria swali hilo ni gumu, na haifai kulidharau, kwa maana serikali inayohukumu pasipo mamlaka huwa nayo inatenda dhuluma. Lakini kwa mwenye kutafuta maadili si gumu hata kidogo. Damu haiulizi imemwagika juu ya nini. Mtu hana haki ya kuishi kwa sababu amesimama juu ya udongo wa mfalme fulani au wa jamhuri fulani. Anayo kwa sababu ni mtu. Kama uhai ungekuwa na thamani mahali penye bendera tu, basi kila baharia angeipoteza thamani hiyo mara pwani ifichikapo machoni pake, na kila msafiri wa jangwani angekuwa windo halali. Watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki waliosafiri kwa majahazi mpaka Arabuni na Bara Hindi, siku nyingi pasipo kuona nchi, hawakudhani hata siku moja kwamba wema na uovu vimeachwa bandarini pamoja na nanga.

Swali la pili ni zito zaidi, nalo ndilo lililoivunja hukumu ya kwanza. Uzembe hupimwa kwa mfano wa mtu wa busara: je, mtu wa busara angefanya vile? Mahakama ya rufani ilisema kwamba haikutosha kumpima fundi kwa mfano wa mtu wa busara wa mahali po pote. Ilipasa raia wa jopo waambiwe wamchukue mtu huyo wa busara, wamweke juu ya barafu ile ile, katikati ya hali ile ile: hana polisi wa kumwita, hana mkubwa mwenye nguvu ya kumtii, hana kufuli mlangoni, hana njia ya kuondoka, na amani yake hulindwa na mikono yake mwenyewe. Kisha waulize: huyo angefanyaje?

Hapo watu hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza husema kwamba mahali huupunguza wajibu. Aliye peke yake hana wa kumtetea, na asiye na wa kumtetea hawezi kulaumiwa akijitetea kwa alicho nacho. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na sheria iliyo umbali wa maelfu ya maili ni fimbo ya namna hiyo. Kundi la pili hujibu kwamba haki ni moja kila mahali. Ikiwa itapunguzwa kwa ajili ya barafu leo, kesho itapunguzwa kwa ajili ya msitu, na kesho kutwa kwa ajili ya giza la usiku. Kundi hili hukumbusha kesi ya chombo Mignonette kilichozama mwaka 1884 katika safari ya kutoka Uingereza kwenda Australia. Watu wanne waliponea katika mashua, na baada ya siku nyingi za njaa nahodha na mwenziwe walimwua kijana wa chomboni, aliyekuwa mgonjwa, wakamla pamoja na mwenzao wa tatu. Mahakama ya Uingereza ilikataa kusema kwamba mahali na dhiki viligeuza mauaji kuwa halali. Wauaji walihukumiwa kufa, kisha wakahurumiwa kwa kifungo cha miezi 6. Sheria haikuinama, huruma ndiyo iliyoinama.

Makundi haya mawili yana ukweli, na kila moja lina nusu yake. Kosa lao ni kudhani kwamba mahali pana kazi moja tu, ama kupunguza wajibu ama kutofanya neno. Mahali hapabadili sheria ya wema. Hubadili vitendo vinavyotakiwa ili sheria hiyo itimizwe. Sheria isemayo mtu asimchomee jirani yake nyumba ni moja kwa mwenye nyumba ya mawe na kwa mwenye nyumba ya makuti. Lakini kaa la moto ambalo katika nyumba ya mawe laweza kuachwa uwanjani lijizimie, katika kijiji cha makuti, wakati wa upepo, lazima limwagiwe maji na kufukiwa. Sheria haikuzidi wala haikupungua. Uangalifu ndio uliozidi.

Ndivyo ilivyo juu ya barafu. Kwa upande mmoja, upweke ulimpa fundi sababu ya kuogopa, na sababu hiyo haikuwa ya kubuni: mtu mwenye kisu alikuwapo, pombe ilikuwapo, na kufuli haikuwapo. Anayeketi katika mji wenye taa na askari hana haki ya kumcheka anayeogopa mahali pasipo taa wala askari. Kwa upande wa pili, upweke ule ule uliifanya bunduki kuwa na hatari maradufu. Mjini mtu akipigwa risasi huenda akafikishwa hospitali akapona. Mahali pasipo tabibu jeraha ni kaburi lililokwisha kuchimbwa nusu. Mahali penye watu 19 tu, kifo cha mmoja huyatia doa maisha ya wote waliobaki, na hawana pa kwenda kulisahau doa hilo. Kwa hiyo hoja ile ile iliyomruhusu mtu kutwaa silaha ndiyo iliyomwamuru asiinyoshe ila mwisho kabisa wa mambo. Mahali humtetea mtu na mahali humdai mtu, na hakimu wa haki husikiliza sauti zote mbili.

Mahakama ilimwachia huru mshitakiwa, na hapana haja ya kumhukumu tena. Lakini mtu akiisha kuachiwa huru, kifo bado kipo na kinataka maelezo. Katika hadithi za upelelezi lawama hutafutiwa mtu mmoja. Akipatikana, wengine wote hutoka chumbani wakiwa wameoshwa. Katika kisa hiki hapana atokaye akiwa ameoshwa hivyo. Bunduki mbovu iliwekwa ghalani kwa matumizi ya wote, na kila aipitiaye bunduki mbovu bila kuiondoa amemwachia mwingine ajali yake. Mtu mwenye kushambulia wenzake alijulikana kabla ya siku ile, lakini hapakuwa na baraza la kumwita wala njia ya kumzuia. Msimamizi, ambaye wadhifa wake ungeweza kumfanya awe mwamuzi, alikuja mlangoni akiwa mmoja wa wagombanao. Na mwamuzi akiisha kuingia katika ugomvi, ugomvi hauna mwamuzi. Na juu ya hao wote wako waliowapeleka watu 19 mahali pale. Hao walihesabu mafuta, chakula na vyombo vya kupimia, kwa maana bila hivyo kazi isingefanyika. Mwamuzi hawakumhesabu.

Hapo ndipo ulipo moyo wa jambo. Watu wengi hudhani kwamba sheria huhitajika kwa ajili ya waovu, na kwamba watu wema wachache, wenye elimu na kazi, waweza kukaa pamoja bila ya hakimu. Jambo hili si kweli. Waovu huhitaji sheria ili wazuiwe. Wema huihitaji ili wasiwe mahakimu wa kesi zao wenyewe. Mtu aliyeibiwa mvinyo ana haki, lakini haki yake humwonyesha upande mmoja tu wa jambo, nao ni upande wake. Akiwa na wa kumwendea, hasira yake hupata njia ya maneno. Akikosa wa kumwendea, hasira haipati njia nyingine ila mikono, na mikono hutafuta cha kushika. Hivyo asiye mwovu huweza kufika mahali alipofika mwovu, tena kwa kufuata haki yake mwenyewe hatua baada ya hatua. Mabaharia wa zamani walilijua hili. Walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Lakini hawakung'oa nanga bila ya nahodha mmoja, na kila aliyepanda alijua kabla ya tanga kupandishwa ni nani atakayeamua watu wakigombana juu ya maji ya kunywa.

Yamkini mtu atauliza: je, lawama ikigawiwa watu wengi hivi, haitapotea? Wengi wakilaumiwa, aghalabu hakuna anayejiona kuwa amelaumiwa. Hatari hii ni ya kweli, na walio wakubwa huipenda, kwa sababu ndani yake hupata pa kujificha. Lakini wajibu si mkate, ukigawiwa watu kumi kila mmoja apate kipande. Wazazi wawili wakimwacha mtoto kando ya kisima kisicho na mfuniko, mama hawezi kusema kwamba alimwacha nusu, wala baba hawezi kusema hivyo. Kila mmoja amemwacha mtoto mzima. Vivyo hivyo mwenye bunduki anadaiwa uangalifu wote wa mwenye bunduki, mwenye ghala anadaiwa uangalifu wote wa mwenye ghala, na mwenye kutuma watu anadaiwa uangalifu wote wa mwenye kutuma. Deni la mmoja halilipi deni la mwingine. Mahakama huweza kumwita mtu mmoja tu kizimbani, kwa kuwa kizimba ni chembamba. Dhamiri haina kizimba, nayo huwaita wote kwa siku moja.

Ulimwengu ulijifunza, ingawa polepole. Mwaka 1984 Marekani iliongeza katika sheria yake maneno yanayohusu mahali po pote pasipo chini ya taifa lo lote, endapo kosa limetendwa na raia wake au limetendwa juu ya raia wake. Mwaka 1998 mataifa yaliyoshirikiana kujenga kituo cha kimataifa cha angani yalitia sahihi mapatano yaliyoeleza, pamoja na mambo mengine, nchi ya kila msafiri itakavyokuwa na mamlaka juu yake akishitakiwa kwa kosa. Hiyo ndiyo busara iliyokosekana juu ya barafu: kuulizana nani ataamua, kabla ya kuwapo neno la kuamuliwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hata hivyo karatasi iliyotiwa sahihi si mwisho wa kazi. Mamlaka iliyo mbali, hata ikiwa halali kabisa, huja baada ya mazishi. Pale palipo na watu wachache mbali na wenzao, iwe kambi ya wachunguzi, meli ya wavuvi au machimbo yaliyo porini, yapasa awepo karibu mtu mmoja aliyekubaliwa na wote kuwa akisema basi, ni basi. Na mtu huyo apasa kuwa wa kwanza kujinyima kile kinachompotezea mtu akili. Yapasa pia kila silaha iwe na mwenyewe, kila kitu kibovu kiondolewe siku kilipoonekana, na kila ugomvi mdogo usikilizwe ungali mdogo. Mambo haya ni ya kawaida, hata mtu huona haya kuyaita maadili. Lakini laiti moja tu kati ya hayo lingalifanyika kabla ya tarehe 16 Julai, yamkini watu 19 wangalirudi makwao wakiwa 19.

Kisiwa chenyewe hakipo tena. Katika miaka ya 1980 mikondo ilikitoa katika bahari ya kaskazini, kikaingia katika maji ya Atlantiki, na huko kikayeyuka. Mtu akitaka leo kwenda kuonyeshwa mahali palipotokea mkasa, hana pa kupelekwa. Mahali pamegeuka maji kama maji mengine. Waliobishana kama palikuwa ardhi, bahari au chombo wamejibiwa na jua. Lakini kifo hakikuyeyuka pamoja na barafu. Nyumba moja ilipoteza mtu wake, na nyumba nyingine ilimpokea mtu aliyerudi na kumbukumbu isiyotua. Wala swali halikuyeyuka. Kila watu wachache wanapofunga safari kwenda mbali, mtu mmoja hana budi kuuliza, chakula na mafuta vinapohesabiwa: tukigombana, nani atatuamua?